Steringi Hafi! Historia ya Muvi Zilizovunja Sheria ya Banda la Video

Kuna sheria moja ambayo kila aliyewahi kukalia benchi la banda la video anaijua bila kufundishwa: steringi hafi. Anapigwa, sawa. Anafungwa kamba na kutupwa mtoni, sawa. Nyumba inalipuka yumo ndani, haina neno. Lakini muvi ikikaribia kwisha lazima ainuke, ajifute damu mdomoni, amalize kazi na adui, kisha aondoke na mrembo wake. Akifa, watu hawatoki wakisema muvi ilikuwa ya huzuni. Wanatoka wakisema muvi mbovu, na wengine wanadai hela yao.

Waliotunga sheria hii hawamo kwenye historia ya sinema. Hawana majina huko. Ni wavuvi, wachuma karafuu, manahodha wa mashua, wanafunzi wa skuli waliojipenyeza chini ya turubai bila kulipa. Chukua Chokocho, bandari ndogo ya kusini mwa Pemba, wilaya ya Mkoani, mahali ambapo boti za kwenda Kisiwa Panza hupakia abiria, magunia na baiskeli. Ukifungua vitabu vya historia ya filamu hutaikuta Chokocho hata kwenye tanbihi. Ila watazamaji wa sehemu kama hiyo, waliokuwa wakisubiri maji yajae ili boti iondoke, ndio walioamua muvi ipi ni kali na ipi ni takataka, na kipimo chao cha kwanza kilikuwa hicho: je, steringi kapona?

Neno lenyewe linachekesha ukilifikiria. Mwanzoni mwa muvi za Kizungu na za Kihindi yalikuwa yanatokea maandishi ya Kiingereza yenye maana ya "wanaoigiza", halafu majina yanafuata. Watu walilisoma lile neno la juu, wakalipa i ya Kiswahili mwishoni, likawa cheo. Steringi si mwigizaji. Steringi ni mtu ambaye hadithi ni yake, na kwa hiyo dunia nzima ndani ya hadithi inapaswa kumlinda. Mwenzake ni adui. Kati yao kuna rafiki wa steringi, na huyu jamaa, maskini, kazi yake kubwa ni kufa ili steringi akasirike.

Unguja ilianza mapema sana mambo ya sinema. Jumba la Royal lilijengwa Mjini Zanzibar mwaka 1921, na baada ya hapo yakafuata mengine. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kitabu kizima kuhusu watazamaji wa sinema wa mijini Tanzania (kilitoka 2018), ameonyesha jinsi muvi za Kihindi zilivyokuwa sehemu ya maisha ya watu wa hapa, hadi kukawa na maonyesho ya wanawake peke yao ili nao wakae, walie, na waijadili muvi kwa uhuru. Kwa upande wa Pemba, sinema ilikuwa mambo ya mjini, Wete na Chake Chake. Mtu wa kijiji cha kusini aliyetaka kuona muvi alikuwa na safari mbele yake, na kurudi usiku nako ni kazi nyingine.

Kwa hiyo muvi ilifika vijijini kwa mdomo kabla ya kufika kwa macho. Aliyekwenda mjini ndiye aliyekuwa skrini ya wenzake. Anakaa barazani, anaanza: jamaa mmoja kazaliwa maskini, baba yake kakimbia, mama anabeba matofali... Anaimba na nyimbo, Kihindi cha kukisia. Na hapa ndipo utajua kwamba ugomvi wa kumwaga mchele haukuletwa na TikTok. Kila baraza lina mmoja asiye na subira, anayeuliza mapema kama mwisho wake steringi anakufa, na lina wengine watano wa kumnyamazisha. Msimulizi hodari alijua kulizuia jibu hilo hadi mwisho kabisa, kama mtu aliyeshika karata nzuri.

Sasa tuingie kwenye maiti zenyewe.

Mother India ya mwaka 1957 ina kifo kimoja kizito sana: mama, ambaye ni Nargis, anampiga risasi mwanawe wa kumzaa, Birju, kwa sababu kijana kamteka msichana wa kijiji na heshima ya kijiji iko hatarini. Ungedhani watu wangeikataa. Hawakuikataa, na sababu ni rahisi ukiifuata sheria: Birju si steringi. Steringi ni mama. Yeye anabaki hai hadi uzeeni, na ndiye anayefungua muvi na kuifunga. Kuna Anand pia, 1971, ambapo Rajesh Khanna anaigiza mgonjwa wa saratani asiyeacha kuchekesha watu. Huyo ni steringi na anakufa kweli, lakini muvi inakwambia mapema kwamba keshakufa. Kila unachokiona ni kumbukumbu za daktari wake. Hukudanganywa. Ulilipa ukijua.

Shida ilianza 1975. Mwaka huo mmoja ulimuua Amitabh Bachchan mara mbili.

Ya kwanza ni Deewaar, iliyotoka Januari. Hii kwa mtazamaji wa Pemba ilikuwa na kitu cha ziada ambacho mtazamaji wa London asingekiona. Vijay, huyo Amitabh, ni kuli bandarini. Ana hasira na Mungu, hekaluni haingii, mama yake akiingia kusali yeye anabaki nje kwenye ngazi. Mzee mmoja Mwislamu anayefanya naye kazi, Rahim, anamwonyesha namba iliyo kwenye beji yake ya ukuli: 786. Ni namba ambayo Waislamu wengi, hasa wenye asili ya Bara Hindi, huitumia kuwakilisha Bismillahi. Mashekhe wana maneno yao kuhusu matumizi hayo, hilo tuliache, lakini maana yake inajulikana pwani nzima. Mzee anamwambia aitunze. Na kweli, baadaye risasi inampiga Vijay kifuani, inagonga beji, anapona.

Fikiria hiyo picha inaonekana na watu wa kisiwa cha Waislamu, wengi wao wanaoishi kwa bandari. Steringi ni mpakuaji mizigo. Steringi anabeba Bismillahi mfukoni. Kuna mtu duniani aliyewahi kuwa steringi kuliko huyo? Halafu mwishoni, akiwa anakimbizwa na mdogo wake ambaye ni polisi, ile beji inamponyoka. Risasi ya mdogo wake inampata. Anajikokota hadi hekaluni kule kule alikokataa kuingia, anakufa amelala mapajani mwa mama yake.

Hii ni sheria kuvunjwa mchana kweupe. Na bado Deewaar haikuchukiwa, iliabudiwa. Kwa nini? Kwa sababu kifo kimelipiwa. Muvi ilikuwa imeweka wazi bei tangu mwanzo: beji ikiwepo yuko salama. Mtazamaji alipoiona inadondoka, alijua kabla ya Vijay mwenyewe kujua. Hakuna aliyeweza kusema ameonewa. Wanaodai kwamba watu wa mabandani hawakubali kifo cha steringi kwa sababu hawajui sanaa, hawajawahi kuwasikiliza wakibishana. Wanachokataa wao ni kifo cha bure.

Ya pili ni Sholay, 15 Agosti 1975. Hapa kuna mastaa wawili, Veeru na Jai, wezi wawili waliokodiwa na mzee aliyekatwa mikono ili wamkamate jambazi Gabbar Singh. Amitabh ni Jai, mpole, maneno machache, kila jambo analiamua kwa kurusha sarafu. Karibu na mwisho wamezingirwa, risasi zinaelekea kwisha, mmoja lazima abaki. Wanarusha sarafu. Jai anabaki, Veeru anakwenda kufuata risasi. Anaporudi Jai yuko hoi, anakufa mikononi mwake, na ndipo Veeru anapoigeuza ile sarafu na kukuta pande zote mbili zinafanana. Jamaa alikuwa ameamua tangu zamani. Sarafu ilikuwa ya uongo muvi nzima.

Sasa hapo mabenchi yanawaka moto. Wapo wanaosema sheria imevunjwa. Wapo wanasheria wa banda, wale vijana wanaosoma maandishi ya mwanzoni, wanaosema hapana, angalia jina la kwanza kwenye orodha: ni Dharmendra. Veeru ndiye steringi! Jai ni rafiki wa steringi, na rafiki wa steringi ruksa kufa. Kesi imefungwa. Ni hoja ya kijanja sana, na kwa karatasi ni ya kweli, Dharmendra ndiye aliyetangulia kuandikwa. Ila moyo hausomi orodha. Aliyelilia muvi hii hakumlilia rafiki wa mtu.

Unachotakiwa kujua ni kwamba ubishi huo huo ulikuwa unaendelea Bombay, kwa watu wenye hela zao mle ndani. Sholay ilipotoka, siku za mwanzo haikushika. Watu walikuwa wanaingia, wanakaa kimya, wanatoka. Waliohusika na muvi wakakutana kwa wasiwasi, na moja ya mapendekezo yaliyowekwa mezani lilikuwa kuupiga upya mwisho ili Jai abaki hai. Amitabh alikuwa keshakuwa mkubwa kutokana na Zanjeer na Deewaar. Hofu ilikuwa kwamba watu hawataki kumwona anakufa tena. Wakaamua kusubiri kidogo waone. Kimya kile kikageuka kuwa foleni, na katika jumba la Minerva pale Bombay muvi ikakaa miaka mitano. Yaani hesabu ya mtengeneza filamu wa Bombay na hesabu ya mpiga makasia wa Chokocho ilikuwa ni moja. Tofauti ni nani mwenye kamera.

Na kuna mara moja ambapo sheria ilishinda kabisa. Coolie. Amitabh tena, kuli tena, safari hii wa stesheni ya treni, anaitwa Iqbal na ni Mwislamu, beji yake 786 ile ile. Tarehe 26 Julai 1982, wakipiga picha za ugomvi huko Bangalore, Amitabh akaumia vibaya tumboni. Akawekwa hospitali kwa wiki nyingi, India nzima ikisali: misikitini, makanisani, mahekaluni. Alipopona na kurudi kazini, mwongozaji Manmohan Desai alikuwa na tatizo. Kwenye hadithi ya awali Iqbal alikuwa afe. Sasa utamuuaje kwenye skrini mtu ambaye mamilioni wametoka kumwombea asife? Mwisho ukabadilishwa. Muvi ilitoka Desemba 1983, Iqbal anapigwa risasi kwenye kaburi la Haji Ali, shuka la kaburi linamwangukia, anatamka shahada, na anapona. Pale kwenye ugomvi uliomuumiza kweli, picha inasimama na maandishi yanatokea kuwaambia watazamaji kwamba hii ndiyo ngumi yenyewe.

Kwa banda la video hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo. Steringi hafi hata akifa.

Banda lenyewe ni mtoto wa miaka ya 1980. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, miaka kama 20 kabla Bara haijapata ya kwake, lakini kuwa na televisheni kisiwani si kuwa na televisheni nyumbani. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, bidhaa za Dubai zikamiminika, na Wapemba waliokuwa Uarabuni wakawa wanaleta au kutuma deki na kaseti. Panga chumba, ziba madirisha kwa magunia, weka mabenchi, washa jenereta. Umeme wa uhakika Pemba ilibidi usubiri hadi 2010, ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norway. Kabla ya hapo, jenereta lilikuwa na tabia yake mbaya: linakata mafuta dakika 10 za mwisho. Steringi kaning'inia kwenye mwamba, adui anakanyaga vidole vyake, giza. Sasa hapo nani atakwambia amepona au amekufa? Ndiyo maana sheria ilihitajika. Ukiwa na sheria, unaweza kwenda kulala.

Kwenye kaseti hizo Wahindi wakapata wapinzani. Bruce Lee aliingia na tatizo lake la kisheria. Fist of Fury ya 1972 inaisha anaruka kuelekea bunduki zilizomwelekea, anapiga ukelele, picha inaganda akiwa hewani, milio ya risasi inasikika. Basi. Amekufa? Mwenye akili timamu anajua amekufa. Banda linasema hatujaona maiti. Na kwa kuwa Bruce Lee mwenyewe alifariki 20 Julai 1973, wiki chache kabla ya Enter the Dragon kutoka Marekani, watu wa huku wengi walimfahamu akiwa keshazikwa, wakamtazama akishinda kila wiki. Waliotengeneza Game of Death ya 1978 walikwenda mbali zaidi, wakaweka ndani ya muvi picha halisi za mazishi yake. Hiyo, kiukweli, ni moja ya mambo ya ovyo kuwahi kufanywa na watu wa sinema, na haihitaji sheria ya banda kuliona hilo.

Rambo naye. Watu wanamjua kama jamaa asiyekufa, muvi tano, kutoka 1982 hadi 2019. Ila kwenye kitabu kilichozaa ile ya kwanza, cha 1972, Rambo anakufa. Na muvi ya kwanza ilipigwa picha ikiwa na mwisho huo, Rambo anakufa. Wakawaonyesha watazamaji wa majaribio, Wamarekani wa kawaida tu. Watu wakachukia. Mwisho ukabadilishwa, Rambo akatoka nje amefunikwa koti, na mabanda ya dunia nzima yakapata riziki ya miaka 30. Wamarekani hao hawakuwahi kukalia benchi la kibanda umiza, lakini walisema kile kile ambacho vijana wa huku wangekisema, ila kwa Kiingereza.

Halafu kuna watafsiri. Dar es Salaam alikuwepo Lufufu, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa anatia Kiswahili juu ya muvi za nje, na wengine wakafuata. Kenya wakawa na DJ Afro. Mtafsiri ni mtu wa ajabu kwenye historia ya kifo cha steringi, kwa sababu yeye keshaiona muvi. Anajua. Anaweza kukupa jina la anayekufa kabla hajafa, anaweza kulificha, anaweza kumtania maiti ili usilie. Kifo kilichokuwa kinaumiza kwa Kichina kinaweza kuwa kichekesho kwa Kiswahili. Wengi walioshika maikrofoni kwenye mabanda ya mitaani na vijijini hawakuacha jina popote, na huenda ndio waliookoa muvi nyingi zaidi kuliko waongozaji wenyewe.

Kuna watu watakwambia sheria hii ni ya Kiafrika, ya asili, eti hadithi zetu shujaa hushinda daima. Si kweli hata kidogo. Shujaa mkubwa kuliko wote wa pwani hii, Fumo Liyongo, alikufa, na alikufa kwa njia ambayo hata Deewaar haifikii. Mwili wake haukuwa unadhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ichomwe kitovuni. Siri hiyo akaipata mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kuozeshwa binti wa mfalme. Akamchoma baba yake usingizini. Liyongo akaamka na maumivu, akashika upinde na mshale, akaenda kupiga goti karibu na kisima, akafa katika hali hiyo hiyo, na mji ukakaa bila kuteka maji kwa siku kadhaa kwa sababu kila aliyemwona alidhani yu hai na ameshajiandaa kupiga. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utendi wake mwaka 1913. Hakuna aliyedai arudishiwe hela. Ukiangalia, ni beji ya 786 ile ile: kuna kitu kimoja kinachomlinda, unaambiwa mapema ni kipi, na anayekuja kukiondoa ni damu yake mwenyewe.

Kwa hiyo pwani ilijua kufiwa na shujaa. Kilichobadilika ni kwamba bandani unalipa kwanza, tena kwa hela ambayo ingenunua mkate, na unakwenda usiku, baada ya siku ambayo haikuwa na mshindi. Na hata kwenye burudani za jua, Pemba haina hamu sana na damu. Mchezo wa ng'ombe unaochezwa vijiji vya kusini kama Kengeja, unaosemwa kuwa na asili ya Wareno, ng'ombe hauawi. Anachezwa, anatishia, anakimbiza watu, kisha anarudishwa zizini. Wageni wanaotegemea mambo ya Hispania hushangaa.

Tunafika kwenye ule mlango.

Titanic ilitoka 1997 na ikafika kila mahali, hadi kwenye kaseti zilizofifia rangi. Jack anakufa kwa baridi baharini, amemshikilia Rose aliye juu ya ubao. Dunia nzima imebishana tangu hapo kama nafasi ilikuwepo ya watu wawili. Mwongozaji James Cameron alichoshwa na maswali hadi 2023 akafanya majaribio kwenye kipindi cha National Geographic, watu wakatiwa kwenye maji baridi na ubao wa kuigiza, na jawabu likawa kwamba kuna namna ambayo Jack angeweza pengine kupona. Mwaka 2024 ubao uliotumika kwenye muvi uliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 700,000. Yaani hata ubao umetajirika.

Kwa wengi huo ni mzaha wa mtandaoni. Mtu wa Chokocho, ambaye kwenda kwao Kisiwa Panza ni boti na kwenda Unguja ni meli, anautazama ubao ule kwa jicho jingine. Yeye anajua kitu kinachoelea kinabeba nini. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander, ikitoka Unguja kuja Pemba, ilizama karibu na Nungwi ikiwa imejaa kupita kiasi. Zaidi ya watu 200 walithibitishwa kufa, wengine wengi hawakuonekana tena, na mamia waliokolewa, baadhi yao wakiwa wameshikilia magodoro na vitu vilivyoelea. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Pemba ni kisiwa kidogo. Ni vigumu kumpata mtu asiyemjua aliyepotelewa.

Baada ya hapo, kuambiwa kwamba Jack ilibidi afe kwa sababu hadithi inataka hivyo ni kauli nyepesi mno. Kwenye Titanic hakuna beji iliyodondoka, hakuna sarafu. Kuna ubao wenye nafasi, na jamaa aliyejaribu kupanda mara moja tu kisha akaacha. Mtu aliyekesha bandarini akisubiri orodha ya majina ana haki ya kusema kwamba hapo muvi imeharibika, na wala asiambiwe hajui mapenzi.

Siku hizi mabanda yamepungua, yaliyobaki yanaishi kwa mpira. Muvi iko kwenye simu, na kifo cha steringi kinakufikia kwenye status kabla hujapata bando la kuitazama. Avengers: Endgame ilipotoka Aprili 2019, waongozaji wake walibidi waandike barua kuwaomba watu wasimwage mchele, haikusaidia, Iron Man alizikwa WhatsApp wikendi ile ile. Mwaka uliofuata Money Heist ikamuua Nairobi, na Wakenya wakalia msiba wa jiji zima. Ila aliyeumiza zaidi huku kwetu pengine ni Shehzade Mustafa wa tamthilia ya Kituruki ya Sultan Suleiman, iliyopata mashabiki wa kutosha kwa sauti za Kiswahili. Hapo huwezi kumlaumu mwandishi. Mustafa alinyongwa kweli, 1553, kwa amri ya baba yake. Kifo kilikuwa kimeshavuja kwa zaidi ya miaka 460, kimekaa kwenye kila kitabu, na bado Uturuki kipande hicho kilipoonyeshwa Februari 2014 watu walikwenda kwenye kaburi lake mjini Bursa kumlilia kama aliyekufa jana.

Na Sholay bado haijapoa. Mwisho tulioujua wote, ambapo Gabbar anakabidhiwa polisi, haukuwa wa mwongozaji. Wakaguzi wa serikali ya India walimlazimisha aubadilishe mwaka ule wa 1975. Mwaka 2025, muvi ikitimiza miaka 50, nakala iliyosafishwa upya ikaonyeshwa kwenye tamasha la Bologna, Italia, ikiwa na mwisho wake wa asili. Humo yule mzee asiye na mikono anamuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Miaka 50, kila kitu kimefanyiwa marekebisho: rangi, sauti, hata hatima ya adui. Jai hawakumgusa. Bado anarusha ile sarafu, bado anabaki darajani.